Mtoto anakua, waya haukui

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilisema kwa kupita tu kwamba mdogo wangu aliwekewa betri ya moyo akiwa na siku nne. Nilidhani hakuna atakayeshika. Kumbe! Meseji zimekuja mpaka nimeshindwa kujibu, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: lakini sasa si keshapona?

Basi tuanze hapo hapo kwenye "keshapona," maana neno hilo nyumbani kwetu nimelileta mimi.

Ilikuwa mwaka 2003, nina miaka tisa. Tulikuwa tunakaa Milton Keynes. Baba alifanya kazi za usiku, na mama alikuwa na Kiingereza cha dukani na cha kwenye basi, si cha hospitali. Siku mdogo wangu alipotolewa chumba cha upasuaji, mkalimani hakuwepo. Daktari akachuchumaa ili tulingane kimo, akanieleza taratibu. Alisema upasuaji umekwenda vizuri. Alisema pia kwamba kifaa kitabidi kibadilishwe, tena na tena, na kwamba mtoto atahitaji kuangaliwa maisha yake yote. Nilimwelewa. Ila kwa Kiswahili sikuwa na maneno ya kubeba yote yale. Nikamgeukia mama nikasema: "Keshapona."

Mama akalia. Akapiga simu Unguja, na Bibi akapika ubwabwa wa sadaka akawagawia watoto wa chuoni. Ubwabwa umeshaliwa, sasa nani arudishe neno?

Najua wengi wenu mmeshawahi kuwa wakalimani wa namna hiyo, benki, shuleni, kwa mwenye nyumba. Ninayoandika hapa ni yale niliyotakiwa kumwambia mama siku ile, nimechelewa miaka 22 tu.

Moyo una umeme wake. Cheche inaanzia juu, upande wa kulia, inateremka mpaka kituo kidogo katikati ya moyo, inasubiri kidogo, halafu inapita kwenda vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu. Kwa mdogo wangu kituo cha katikati kiliharibika kabla hajazaliwa. Vyumba vya juu vikawa na mdundo wao na vya chini wao, polepole, mapigo 50 kwa dakika. Kichanga anahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kilichoharibu ni kingamwili. Kuna wanawake ambao damu yao ina kingamwili zinazoitwa anti-Ro. Zinapita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto, na kwa watoto wachache zinashambulia kile kituo, mara nyingi kati ya wiki ya 18 na ya 24 ya mimba. Mama mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa, asijue kitu. Moyo kuzaliwa na tatizo hili hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000. Watoto wengine wanaowekewa betri walizaliwa na umeme mzima, ila moyo wao una tundu. Daktari anapoziba tundu, mshono unapita karibu mno na ile njia, umeme unakatika.

Na kwa kweli historia ya pesimeka imeanza na watoto kama hao. Miaka ya 1950 mjini Minneapolis, Marekani, daktari C. Walton Lillehei alikuwa anaziba matundu ya moyo kwa watoto, na waliokatikiwa umeme walifungwa kwenye mashine iliyochomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme wa mji ukazimika. Lillehei akamwomba fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, amtengenezee mashine ya betri. Bakken akaitengeneza ndani ya wiki chache, akitumia mchoro wa metronomu, kile kidude kinachowapigia mdundo wanaojifunza piano. Hiyo ilivaliwa nje ya mwili. Ya kwanza kuwekwa ndani ilikuwa Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958: daktari Åke Senning, mhandisi Rune Elmqvist, mgonjwa Arne Larsson wa miaka 43. Kifaa kile kilifanya kazi kwa saa chache tu. Lakini Larsson aliishi mpaka 2001, akafa ana miaka 86, na kwa maisha yake yote alikuwa amepitia pesimeka 26.

Nilipoisoma namba ile mara ya kwanza niliifunga simu. Huyo alikuwa mtu mzima, ameshamaliza kukua. Sasa mtie mtoto wa siku nne.

Mshipa wa mtoto mchanga ni mwembamba sana, haupitishi waya. Kwa hiyo walimfungua kifua wakashonea nyaya juu ya moyo, kwa nje, na kifaa chenyewe wakakiweka tumboni chini ya misuli. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kilionekana wazi chini ya ngozi, kama kisanduku cha kibiriti. Na sisi tukakiita hivyo. "Msimkumbatie kwa nguvu, mtabonyeza kibiriti." Mama alikuwa anakiosha kwa vidole viwili, kama kitu cha kuazima.

Betri ya kwanza ilikwisha akiwa na miaka sita. Hili ndilo watu wanalolijua: betri inakwisha. Kwa kawaida inakaa kama miaka mitano hadi kumi, na kwa watoto huwahi kwisha kwa sababu mioyo yao inapiga haraka na kila pigo linakula chaji. Wakafungua tumbo, wakatoa kibiriti cha zamani, wakatia kipya kwenye nyaya zile zile, kesho yake tuko nyumbani. Tukasema kumbe ni rahisi hivi. Bibi akapika ubwabwa mwingine.

Kumbe betri si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni waya.

Hebu fikiria. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa mwaka ni zaidi ya milioni 36. Kila pigo waya unapinda. Juu ya hapo mtoto anarefuka. Daktari anaacha kitanzi cha ziada ili mwili ukikua waya unyooke taratibu, lakini hawezi kujua mtoto huyu atarefuka kiasi gani na lini. Waya wenyewe haukui. Unavutwa, unachoka, ganda lake linachanika au chuma cha ndani kinakatika. Na pale mwisho wake unapogusa moyo, mwili unaota kovu, umeme unapita kwa tabu, kwa hiyo kifaa kinalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi na betri inakwisha mapema.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 11, anacheza netiboli shuleni. Akaanguka. Akaamka, akaanguka tena. Waya ulikuwa umekatika. Kuna mapigo yalifika na mengine hayakufika. Hospitali waliliona kwa dakika kumi: wakaweka mashine juu ya ngozi, ikasoma kifaa, ikasema waya huu haupitishi.

Nyumbani ndiko ilikuwa vurugu. Shangazi mmoja akasema ni jicho. Mwingine akasema ni netiboli, msichana mwenye moyo mbovu anarushwarushwa vipi? Baba akasema hospitali ile ya kwanza ilifanya kazi ovyo. Mama hakusema mengi. Aliniangalia mimi akauliza: "Si ulinambia keshapona?"

Hapakuwa na mkosaji. Nyaya za kushonewa juu ya moyo wa mtoto hukatika, inajulikana, na ndiyo maana tulikuwa tunaitwa kliniki kila miezi sita. Lakini kwa familia iliyoambiwa amepona, kila hitilafu lazima iwe na mtu aliyeisababisha.

Safari hii alikuwa mkubwa wa kutosha, wakapitisha waya mpya ndani ya mshipa, chini ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukateremka mpaka ndani ya moyo. Kifaa kikahamia kifuani. Nyaya za zamani hazikutolewa, maana kuzitoa kungemaanisha kufungua kifua tena. Zikakatwa, zikafunikwa ncha, zikaachwa. Ziko mle mpaka leo.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyetueleza ikatuingia.

Waya ukiwa ndani ya mshipa, mwili unaufunika kwa kovu. Mshipa unakuwa mwembamba, na kwa wengine unaziba kabisa. Mtu mzima wa miaka 75 akizibiwa mshipa mmoja inawezekana hatauhitaji tena. Mtoto wa miaka 11 ana miaka 60 au 70 mbele yake na mishipa ya kupitishia nyaya ni michache tu. Kila waya mpya unakula akiba. Tena waya huo unapita katikati ya vali ya upande wa kulia wa moyo. Miaka ikienda unaweza kushikana na vali, isifunge vizuri, damu ikawa inarudi nyuma. Basi, mtasema, si waung'oe waya wa zamani? Wanaweza, na kuna wataalamu wa kazi hiyo, wanakata kovu kwa mirija maalumu, mingine ya leza. Lakini waya uliokaa miaka mingi umeshashonwa na mwili wenyewe. Ukiuvuta vibaya unachana mshipa mkubwa au moyo, kwa hiyo daktari wa kupasua moyo anasubiri pembeni, tayari.

Maambukizi nayo. Vijidudu vikiingia kwenye kifaa, kwa kawaida vidonge peke yake havitoshi, mfumo mzima inabidi utolewe. Kwa hiyo ngozi juu ya kifaa ikiwa nyekundu, ikipata moto, ikivimba au ikianza kuwa nyembamba, hata kama haiumi, ni kwenda siku hiyo hiyo. Homa isiyoeleweka pia. Usipake kitu.

Kuna hatari nyingine, ya nadra, ya hizi nyaya za nje: kitanzi kilichoachwa kwa nia njema kinaweza kuuzunguka moyo, moyo ukakua, kitanzi kikaubana. Picha ya eksirei ya mara kwa mara inasaidia kuliona mapema. Hizo ndizo eksirei ambazo mama alikuwa anazilalamikia, "kila siku wanampiga picha, kwani anaolewa?"

Vitu tulivyoviogopa sisi, kwa upande mwingine! Maikrowevu: mpaka leo mama anamfukuza jikoni ikiwaka, na maikrowevu za siku hizi hazina shida. Kupigwa na baridi. Vitunguu, sikumbuki kwa nini. Simu ndiyo ya kuangalia kidogo, kwa sababu nyingine zina sumaku: iweke mbali na kifaa kama sentimita 15, yaani si kwenye mfuko wa shati.

Tuje miaka 18. Huku Uingereza ukifika hapo unahamishwa kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima. Kule kuna samaki ukutani na nesi anayekujua tangu una nepi. Huku umekaa na wazee wa miaka themanini wanaokuuliza umemleta nani. Barua ya kumhamisha ilipotea kati ya hospitali mbili, na sisi hatukuipigia simu hospitali yoyote, kwa sababu mzima, anasoma, anafanya kazi Jumamosi. Karibu mwaka mzima hakupimwa. Alipofika hatimaye wakamuuliza maswali ya kawaida kabisa: una nyaya ngapi, za mwaka gani, moyo wako ukiachwa bila kifaa unapiga mara ngapi? Hakuwa na jibu hata moja. Miaka yote yale alikuwa nayo mama kwenye mfuko wa plastiki wa karatasi asizoweza kuzisoma, na mimi nilikuwa nimehama.

Kama una betri tangu utotoni, au mdogo wako anayo, hayo maswali matatu yajue kwa kichwa. Piga picha kadi ya kifaa. Na ukienda nyumbani ibebe kadi yenyewe. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, wanaweka betri za moyo na wanazipima. Lakini mashine ya kusomea kifaa cha kampuni moja haisomi cha kampuni nyingine, hivyo uliza kabla hujapanda ndege, na kama unakwenda harusini Unguja jua kwamba kuna safari ya boti kama saa mbili katikati. Kumbuka pia kwamba ukiwa na nyaya zilizoachwa ndani, au zilizoshonewa juu ya moyo, kipimo cha MRI huenda usikubaliwe. Mtu anayekupima lazima ajue, hata kama kifaa chako ni kipya.

Mwaka huu amefika 22. Kuanzia mwezi wa pili alikuwa anachoka. Tukasema Ramadhani. Ramadhani ikapita, tukasema mitihani. Halafu siku moja akasimama katikati ya ngazi za stesheni, akaniambia, "Dada, tungoje kidogo," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Eko ilionyesha upande wa kushoto wa moyo umedhoofika. Kwa kila pigo moyo mzima unasukuma nje asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo. Wake ulikuwa 38. Na chanzo ni ile ile betri iliyomweka hai. Waya wake unagusa upande wa kulia, kwa hiyo kulia kunaanza, kushoto kunafuata kwa kuchelewa. Mmewahi kuona watu wakisukuma ngalawa kuipeleka majini? Wote wakisukuma kwa neno moja inateleza. Upande mmoja ukichelewa kidogo tu, watu wanatoka jasho na ngalawa inakwenda mshazari. Moyo unaweza kuvumilia hivyo miaka kumi, ishirini, halafu unatanuka na kuchoka. Si kila mtoto mwenye betri anapatwa na hili, wengi hawapatwi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto 178 kutoka hospitali 21, ulionyesha kwamba mahali waya unapogusa pana uzito mkubwa, na waliowekewa upande wa kushoto, kwenye ncha au ubavu wa moyo, nguvu za moyo zilihifadhika vizuri zaidi. Mwaka 2014, alipowekewa wa mshipani, hatukujua kwamba kuna hata swali la kuuliza.

Habari njema ni kwamba udhoofu wa aina hii mara nyingi unarudi nyuma ukirekebisha mdundo. Wanaongeza waya wa kushoto ili pande zote zipige pamoja, au wanachomeka waya kwenye njia ya asili ya umeme wa moyo. Habari mbaya mmeshaiona inakuja: picha ilionyesha mshipa wake wa kushoto umeziba. Kwa hiyo, ama wang'oe waya wa 2014 ili kufungua njia, ama waingilie upande wa kulia na kula akiba ya huko, ama wafungue kifua.

Kwenye miadi ile mama alitaka kuja. Mkalimani alikuwepo safari hii, kwa simu, mwanamke mwenye Kiswahili cha bara kilichonyooka. Akaanza kutafsiri kila kitu kuanzia mwanzo, pamoja na kingamwili. Mama akamkatisha.

"Kwa hiyo ni mimi?"

Mkalimani akanyamaza, kisha akalitafsiri. Daktari akasema hapana, si kitu alichokula wala alichofanya, ni damu ilivyo, na wanawake wengi wenye damu hiyo wanazaa watoto wasio na tatizo. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikawa nahesabu. Mdogo wangu ndiye mziwanda wetu. Mama alikuwa na miaka 29 alipomzaa, na hakuzaa tena, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Sijui mwaka 2003 nilimwambia nini kuhusu damu yake. Nimejaribu kukumbuka, wapi. Inawezekana sikusema kitu, akajazia mwenyewe.

Mdogo wangu amechagua kung'olewa waya. Hatari yake ameambiwa kwa namba na ameziandika kwenye simu yake. Baba alikuwa anataka upande wa kulia kwa sababu ni wepesi zaidi. Yeye akasema upande wa kulia anautunzia miaka yake ya arobaini. Ni wiki tatu kutoka leo. Ameniambia nije, nikae naye, ila nisitafsiri chochote. Atamweleza mama mwenyewe.

Jumapili alifanya majaribio. Walikaa mezani na karatasi, akachora moyo kama embe lililolala, akachora mishipa. Kiswahili chake mnakijua, ni cha kwetu sisi, cha kukwamakwama. "Mama, waya hii wanaitoa. Halafu wanatia nyingine, mbili, huku na huku."

"Waya huu," mama akasema.

"Waya huu."

"Haya. Na huo mpya utakaa miaka mingapi?"